Siku Sita Katika Ghuba ya Gazi

Siku ya kwanza, Alhamisi

Nyumba ya babu yangu katika Mji wa Kale, Mombasa, ina dari ya boriti. Utotoni nilikuwa nikilala chali nikizihesabu, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, zimepangwa kama mbavu za jahazi, wala sikuwahi kujiuliza zilikotoka. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kila moja ilikuwa mti wa mkoko uliosimama katika maji ya chumvi, ukakatwa, ukaburutwa topeni na kupakiwa chomboni. Pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi Vanga, ilikata boriti kwa karne nyingi, ikajijengea yenyewe na kuwauzia Waarabu wa nchi zisizo na miti, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza ng'ambo mwaka 1982. Safari hii nimeifunga kwa ajili hiyo: kwenda kuangalia kilichobaki, na kilichorudishwa, katika ghuba moja ndogo ambayo watu wake wameishughulikia kwa muda mrefu.

Nilivuka Likoni kwa kivuko mchana, nikapanda matatu ya kuelekea Msambweni. Gazi iko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale. Nilishuka njia panda, na bodaboda ikanifikisha kijijini kati ya minazi na miembe. Kijiji ni kidogo lakini jina lake ni kubwa katika historia ya pwani, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896.

Mwenyeji wangu ni kijana anayewaongoza wageni na watafiti katika mikoko. Kabla sijatua mzigo alinieleza kwamba ratiba yetu itapangwa na mwezi. Usiku wa leo ni mwezi mpevu, tunaingia katika bamvua, na bamvua la Machi huwa kubwa kuliko mengi ya mwaka. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4. Saa 11 jioni tulisimama ufuoni. Bahari ilikuwa imeingia msituni kabisa, mashina hayaonekani, na vilele vya miti vimesimama juu ya maji kama vichaka vilivyoelea. Upande wa mashariki ulionekana ulimi wa ardhi wa Chale unaoikinga ghuba na mawimbi, na kusini, mbali, mstari mweupe wa povu mahali mwamba unapovunja bahari kuu.

Siku ya pili, Ijumaa

Tuliingia mikokoni saa 3 asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Sehemu ya mwanzo tulipita juu ya njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa Gazi, ambao huwapokea wageni, huwatembeza na kuwapikia, na kutokana na kiingilio hicho hupata fungu la kusaidia mahitaji ya kijiji. Njia hiyo ina faida nyingine ambayo niliitambua nilipoiacha: miguu ya wageni haikanyagi miche. Mara tuliposhuka kwenye tope nilikosea hatua, nikazama hadi magoti, na mwenyeji wangu akanifundisha kutafuta mizizi kwa unyayo kabla ya kuuegemeza uzito.

Kwa mbali msitu wa mikoko huonekana kama rangi moja ya kijani. Ukiingia ndani unakuta ni mtaa wenye wakazi waliojipanga kwa taratibu. Mbele kabisa, panapopigwa na maji kila siku, husimama mlilana, wenye mizizi inayochomoza topeni kama vigingi vya mahema. Mti huu mafundi wa vyombo wameutumia tangu zamani kuchongea mataruma, yaani mbavu za chombo. Nyuma yake ndipo penye mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi iliyopinda, na karibu yake muia. Kisha hufuata mkandaa, mwembamba na mgumu, ambao magome yake yalitoa rangi na kuni zake hazina mshindani kwa moto. Karibu na nchi kavu, mahali ambapo chumvi hukauka juu ya ardhi, ndipo panapositawi mchu. Hapa na pale tuliuona mkomafi na tunda lake la duara lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kenya ina aina 9 za miti hii, na zote zinapatikana katika ghuba hii moja ambayo msitu wake wote ni kiasi cha hekta 615.

Si kila mlilana ulikuwa mzima. Mwenyeji wangu alinionyesha matawi yaliyokauka yakiwa yametobolewa na wadudu wanaokula ndani ya mti, tatizo ambalo watafiti wamelifuatilia hapa kwa miaka kadhaa. Nililiandika kwa sababu mara nyingi tunadhani kwamba adui wa mkoko ni shoka peke yake.

Hata hivyo shoka limefanya kazi yake. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Palikatwa pote bila kuachwa miti ya mbegu, na sehemu nyingine hazikuota tena kwa miongo miwili. Tope likibaki wazi hupigwa na jua, chumvi huzidi, mawimbi huchota udongo, na mbegu inayofika pale haipati pa kushika. Kwa hiyo kusubiri tu hakukutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti James Kairo, pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo watu wote huiita KMFRI, walianza kupanda pamoja na wanakijiji. Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye mojawapo ya mashamba hayo ya zamani. Ningepita bila kujua kwamba ni la kupandwa, kama asingenionyesha kwamba mashina yako kwenye mistari.

Palepale walikuwapo vijana watatu wakipima miti, nami nikasimama nao kwa saa nzima, kwa kuwa ndicho kitu nilichotaka kukiona zaidi. Kila mti ndani ya kiwanja cha kupimia una kibati chenye namba. Mti wa kawaida hupimwa unene wake kwenye kimo cha kifua, lakini mkoko hauna shina pale. Una mizizi tu. Basi kijana alipapasa hadi akaupata mzizi wa juu kabisa, akahesabu sentimita 30 kwenda juu, akauzungusha utepe, akaita namba ya mti na kipimo, na mwenzake akaandika kwenye daftari lililofunikwa kwa nailoni. Mti mmoja ulikuwa umeanguka. Hawakuuruka, walikitafuta kibati chake ndani ya maji, wakaandika kwamba umekufa.

Kwa vipimo kama hivyo ndivyo Mikoko Pamoja ilivyowezekana. Mradi huu wa jamii za Gazi na Makongeni ulianza mwaka 2013, ukahusisha hekta 117 za msitu, na unauza haki ya kaboni, yaani unalipwa kwa kuizuia hewa ya ukaa isiende angani, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Maelezo ya biashara hiyo huwachanganya watu wengi, lakini ukisimama topeni yanaeleweka kwa pua. Lile tope jeusi linanuka kwa sababu halina hewa. Jani linaloanguka humo halipati kuoza upesi, hufukiwa juu ya jingine, mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu iko chini ya nyayo zetu, wala si katika miti tunayoiona, na anayekata mti na kuacha tope lipigwe na jua hufungua ghala lililofungwa kwa karne kadhaa.

Tulitoka kabla ya adhana ya Ijumaa. Jioni, barazani, nilimwamkia mzee mmoja Mdigo aliyewahi kukata boriti enzi za ujana wake. Alinitajia ukubwa wake bila kusita: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nikamwuliza kwa nini wakati ule hawakuzuia watu waliokuja na malori.

"Mwanangu, kaya ya Kinondo, msitu wetu mtakatifu, ina wazee wake," alinijibu. "Ukitoka na ukuni ndani ya kaya utaulizwa. Mikoko ilikuwa ya Serikali, na Serikali ilikuwa Nairobi. Kitu kisicho na mwenyewe karibu, nani atakiulizia?"

Alisema kweli kuliko alivyokusudia, kwani misitu yote ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya Serikali tangu mwaka 1932, na tangazo hilo halikuizuia Gazi kukatwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu jamii kushiriki rasmi katika kusimamia msitu, ndiyo iliyoanza kumweka karibu huyo mwenyewe ambaye mzee alimzungumzia.

Siku ya tatu, Jumamosi

Nahodha alikuwa ametweka mapema. Tulitoka kwa ngalawa maji yakitoka, upepo wa kaskazi ukiwa umechoka kama unavyokuwa mwishoni mwa msimu wake, na maji yakiwa maangavu hadi chini. Nilikuwa nimeuliza kuhusu mikoko tangu nilipofika. Leo nahodha alitaka nione kile anachokiita shamba lake.

Kati ya mikoko na mwamba wa matumbawe, sehemu kubwa ya sakafu ya ghuba imefunikwa na nyasi bahari. Si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, iliyorudi baharini kutoka nchi kavu zamani mno, na Kenya ina spishi zake zipatazo 12. Nilivaa miwani ya kuzamia nikajitupa majini mahali penye kina cha kifua. Spishi inayotawala hapa ina shina gumu kama kijiti, na juu yake kishada cha majani yenye umbo la mundu. Majani yote yalikuwa yamelala upande mmoja yakifuata mkondo, kisha mkondo ukalegea nayo yakainuka pamoja. Nilishika jani moja. Lilikuwa na utando wa mwani mwembamba, konokono wawili wadogo kuliko punje ya mchele, na pembeni alama za kung'atwa zilizopinda vizuri. Sikungoja sana kumwona mng'ataji: kundi la tafi lilipita chini yangu likila bila haraka, na walipogundua kivuli changu wakageuka wote kwa pamoja, wakaingia ndani zaidi ya majani, wasionekane tena.

Kitu kingine nilichokiona humo ndani ndicho nilichokifikiria siku nzima. Chini, kati ya mashina ya nyasi, lilikuwapo jani la mkoko. Lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, nusu limefunikwa na mchanga. Watafiti waliofanya kazi katika ghuba hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliufuatilia mzigo huu kwa kupima kaboni ndani ya mchanga wa chini, wakagundua kwamba mabaki yanayotoka mikokoni na maji yanayopwa hayafiki mbali. Mengi hunaswa na nyasi bahari zilizo jirani, na karibu hakuna kinachofika kwenye matumbawe. Nyasi ndizo chujio. Mikoko hushika tope la mito, nyasi hushika lile lililoponyoka mikokoni, na matumbawe, ambayo hayavumilii tope, hupata maji safi. Nayo matumbawe hulipa kwa kuuvunja mgongo wa wimbi, ili nyasi na mikoko ziote katika maji ya utulivu. Kuondoa mojawapo ni kuziweka nyingine mbili katika hatari, hata kama hakuna aliyezigusa.

Nahodha akapiga kasia hadi mahali pengine. Ghafla nyasi zilikoma. Palikuwa na uwanja wa mchanga mtupu, na katika ukingo wake vimelundikana viumbe vya mviringo vyenye miiba mifupi, mamia kwa mamia, vikila mashina kutoka chini. Nahodha hakuvilaumu. Alisema kwamba zamani kulikuwa na kikande wengi, samaki mwenye meno magumu anayewavunja viumbe hao na kuwala. Kikande alipovuliwa hadi akapungua, walaji wa nyasi wakapumua. Jambo hilo hilo limethibitishwa na watafiti katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya. Uharibifu mwingine wa nyasi ni wa moja kwa moja: juya, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufuoni, ukisugua chini na kung'oa kila kilicho njiani mwake pamoja na samaki wachanga. Juya limepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001. Nilipomwuliza kama bado linavutwa, alitazama maji kwa muda, kisha akanijibu kwamba nikiamka alfajiri nitajionea mwenyewe.

Kwenye mwamba tulikaa kidogo tu, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kurudi. Matumbawe mengi ya matawi yaliyokuwapo kabla ya joto la bahari la mwaka 1998 kuyaua hayakurudi yote. Lakini nilihesabu machipukizi mengi, mengine yenye upana wa kiganja, na pono wakikwangua mawe kwa sauti inayosikika wazi ukiwa chini ya maji.

Siku ya nne, Jumapili

Asubuhi ilikuwa ya Makongeni, kijiji jirani ambacho ni mshirika wa Gazi katika mradi. Hapa faida ya mikoko haihitaji kuelezwa na mtaalamu. Fedha za kaboni zimeleta maji ya bomba na zimesaidia shule, na matumizi yake huamuliwa katika mikutano ya kijiji, ambako mtu yeyote anaweza kusimama na kuuliza. Mama niliyemkuta akiteka maji alinionyesha kwa kidole mahali alipokuwa akienda kuchota zamani, kisha akainua ndoo yake na kwenda zake, mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo nililolijia ni kuni. Ukimzuia mtu kukata mkandaa bila kumpa ukuni mwingine, umemwambia asipike. Hapa Gazi jikoni si pa familia peke yake. Kuna mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wadogo ufuoni, kuwakaanga na kuwauza kijijini na barabarani, na moto wao huwaka tangu mchana hadi usiku. Nilikaa na mmoja wao, mtu wa makamo, mbele ya karai lake. Alikuwa ameweka matawi ya mvinje, na aliyachochea kwa kuyasukuma ndani kidogo kidogo badala ya kuongeza mengine.

"Mkandaa una moto mzuri, baba, nisikudanganye," aliniambia. "Ukuni mmoja unamaliza karai zima. Huu mvinje unataka kusimamiwa. Lakini huu ninaununua mchana, mbele za watu, wala sina wa kumkimbia."

Mivinje hupandwa na mradi nchi kavu kwa makusudi hayo, iwe kuni na nguzo za nyumba, ili msitu uliokingwa usisukumie shoka kwenye msitu usiokingwa. Naona hii ndiyo hekima kubwa kuliko zote za Gazi, ingawa haipigwi picha. Wageni hupiga picha watoto wakipanda miche topeni. Mvinje uliopandwa nyuma ya nyumba hauna mvuto huo, lakini ndio unaomwezesha yule mche kufikisha miaka 20.

Ifahamike kwamba hekta 117 ni chini ya moja ya tano ya mikoko ya ghuba hii. Upanuzi wa wazo hili umekwenda kusini, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianza mradi wao mwaka 2019 kwenye hekta zipatazo 460. Nilitamani kufika huko, lakini siku hazikutosha.

Siku ya tano, Jumatatu

Tulikwenda kwa miguu hadi mdomo wa Mto Mkurumuji, upande wa kusini-magharibi wa ghuba. Mto mwingine, Kidogoweni, unaingia kutoka kaskazini-magharibi. Mvua za masika hazijaanza, na bado maji ya mto yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila shamba linalolimwa hadi kingo za mto huko juu, kila mteremko uliokatwa miti, hesabu yake huja kulipwa hapa. Mikoko huhitaji udongo wa mito, na ikiupata kwa kiasi huota vizuri. Lakini udongo ukija kwa mkupuo huziba mizizi ya kupumulia na mti hufa ukiwa umesimama. Ndivyo ilivyotokea Mwache, karibu na Mombasa, baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, ambako mikoko mingi ilikufa kwa kufunikwa na tope. Huko nilishawahi kuyaona mashina makavu, na leo nilipoutazama mto huu niliyakumbuka.

Kwenye mstari wa maji makuu tuliokota taka kwa dakika chache, tukajaza gunia moja: chupa za plastiki, kandambili, vipande vya nyavu za nailoni, nepi. Mifuko ya plastiki ilikuwa michache, na hilo naamini ni tunda la marufuku ya Agosti 2017. Kipande cha wavu kilikuwa kimejizungusha kwenye mche wa mkoko wenye majani manne. Mwenyeji wangu alikikata kwa kisu kwa uangalifu, asiujeruhi.

Tulirudi kimya kwa sababu ya jua.

Siku ya sita, Jumanne

Niliamka kabla ya alfajiri. Kwa mbali, nje ya ufuo wa kijiji, watu kumi na zaidi walikuwa wamesimama majini wakivuta kamba mbili. Sikuwasogelea wala sikuwauliza majina. Juya lilipofika ufuoni lilikuwa na samaki wachache wa kuuzwa. Sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa nyasi. Vijana walizitupa mchangani kwa mikono miwili miwili, na ndani yake mlikuwa na samaki wadogo kuliko kidole, wengine wakirukaruka, ambao hakuna aliyewaokota isipokuwa kunguru.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu Jumamosi. Mkoko wa Gazi leo una namba ya kibati, una sheria, una bei, una mlinzi na una mkutano wa kijiji unaouliza habari zake. Nyasi bahari zilizo hatua mia chache kutoka hapo, ambazo nazo hufukia kaboni chini ya mizizi yake na ndizo zinazomlisha tafi, hazina hata kimoja kati ya hivyo, ukiacha marufuku ya juya isiyofuatwa. Mtu akiingia mikokoni na shoka, kijiji kizima kitajua kabla ya adhuhuri. Mtu akikokota juya juu ya nyasi hakatazwi na yeyote, maana nyasi zikishafunikwa na maji hakuna anayeuona uwanja mtupu uliobaki chini. Kama hekima ya Gazi ilikuwa kumpa mkoko mwenyewe aliye karibu, basi kazi imefanyika nusu.

Nilizungumza hayo bandani na wazee wawili wa kamati ya wavuvi. Hawakushangaa. Mmoja alisema kwamba juya halivutwi na watu waovu. Linavutwa na vijana wasio na chombo cha kuwafikisha nje ya mwamba, na ambaye hatawapa chombo asijisumbue kuwanyang'anya wavu. Nadhani ana haki, na ni mantiki ile ile ya mvinje: huwezi kuondoa kitu jikoni mwa mtu bila kuweka kingine. Mwingine alinieleza kuhusu majaribio yaliyofanywa na watafiti katika maji ya Diani na Chale, jirani na hapa, ya kuzirudisha nyasi mahali zilipokwisha kwa kuzipanda juu ya magunia ya jute yaliyotandazwa mchangani, ili mkondo usizing'oe mpaka mizizi ishike na gunia lioze. Ni kazi ya taratibu sana, alisema. Nyasi za shina gumu huchukua miaka kujaza pengo la ukubwa wa chumba kimoja. Kwa hiyo wazee hao wangependa kipande cha ghuba kitengwe kisivuliwe kabisa, ili kikande arudi na nyasi zijitengeneze. Walikuwa hawajakubaliana bado ni kipande kipi, kwa kuwa kila mahali pana wa kupakumbuka.

Matatu yangu ilikuwa ya saa 5, na mama karanga wa Jumapili alikuwa ameshafika bandani kuchagua. Alinunua tafi kumi na wanane kutoka kwa nahodha wangu, waliovuliwa kwa malema usiku, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuwapasua. Nilichuchumaa karibu yake. Alipoingiza kisu kwenye tumbo la wa kwanza na kulifungua, utumbo wote ulikuwa umejaa nyasi zilizotafunwa, mbichi bado, za kijani kabisa. Akanitazama, akaufungua wa pili, nao ulikuwa hivyo hivyo, akaanza kuzikamua mchangani kwa dole gumba huku akihesabu samaki waliobaki.